Gitaa Linapokoroma

Kama kijijini kwenu kuna kwaya au bendi yenye gitaa la umeme, unaijua kelele ninayotaka kuizungumza hapa. Watu wamekusanyika. Mpigaji yuko tayari. Mtu anawasha amplifaya, na kabla uzi mmoja haujaguswa, spika inaanza kukoroma: vuuuuu. Au inakwaruza kama mtu anayekaanga bisi. Au iko kimya kabisa, na watu wote wanamtazama mpigaji kana kwamba yeye ndiye aliyeharibika.

Mimi ni afisa elimu ya watu wazima katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro. Nina umri wa miaka 36. Kazi yangu niliisomea kwa ngazi ya cheti, na gitaa nilijifunza huko huko chuoni, jioni, baada ya masomo. Mimi si fundi umeme. Haya ninayokueleza nimeyapata kwa kuwauliza mafundi na kwa kusoma. Mengine nimeyapata kwa kosa langu mwenyewe, na kosa hilo nitakusimulia.

Kwanza tuelewane jinsi gitaa hili linavyofanya kazi. Ukilijua hilo, nusu ya ubovu utaugundua bila kumwita mtu.

Gitaa la kawaida lina tumbo lililo wazi ndani, na tumbo hilo ndilo linalokuza sauti. Gitaa la umeme halihitaji tumbo. Chini ya nyuzi zake kuna kinasa, ambacho wapigaji hukiita pikapu. Kinasa ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu kwa maelfu. Nyuzi za gitaa ni za chuma. Uzi ukitetemeka juu ya sumaku, unasababisha umeme mdogo sana katika ule waya wa shaba. Umeme huo unapita kwenye vitufe vya kuzungusha, unatoka kwa waya mrefu, unaingia kwenye amplifaya, unakuzwa mara nyingi sana, kisha unaisukuma spika. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazifai kwa kinasa hiki. Sumaku haina habari na nailoni.

Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1931, huko Marekani, George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walitengeneza gitaa la namna hii, na mwaka uliofuata likaanza kuuzwa. Lilikuwa na mwili mdogo wa mviringo na shingo ndefu, hata watu wakaliita kikaango. Hapa kwetu Morogoro hakuna mzee asiyemjua Mbaraka Mwinshehe. Alipiga gitaa la solo katika Morogoro Jazz, kisha akaanzisha Super Volcano, na alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979.

Namtaja kwa sababu ya mwanakisomo wangu mmoja. Nitamwita Mzee, kwa kuwa ndivyo tunavyomwita sote. Alizaliwa mwaka 1955. Alipokuwa kijana alikuwa akisimama nje ya ukumbi mjini Morogoro, sikio ukutani, kwa kuwa hakuwa na kiingilio, akimsikiliza Mbaraka. Akirudi kijijini alipiga gitaa alilojitengenezea kwa galoni ya mafuta na nyaya za breki za baiskeli. Shule hakwenda, alichunga ng'ombe za baba yake. Miaka ya 1970, wakati nchi nzima ilipokuwa ikisoma, yeye alikuwa mbali na kijiji, akihama na mifugo. Alikuja darasani kwangu akiwa na miaka 66. Nilipomuuliza anataka kusoma nini, alisema anataka kuandika nyimbo zake kabla hajazisahau.

Mwaka 2022 kijiji chetu kilichanga fedha tukanunua gitaa moja na amplifaya moja, vyote vimekwisha kutumika, kutoka kwa fundi mmoja wa mjini. Tulitaka vipigwe tarehe 8 Septemba, ambayo ni Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika. Tangu siku vilipofika, ilikuwa kelele juu ya kelele.

Sasa nikueleze tulivyokuwa tukitafuta ubovu. Kanuni ni moja: badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadili waya, plagi na vitufe kwa pamoja, hata kelele ikiisha hutajua iliishaje, na kesho itarudi ikukute mjinga vile vile.

Chomoa waya wa gitaa kutoka kwenye amplifaya. Kelele ikibaki, ubovu uko kwenye amplifaya yenyewe au kwenye umeme unaoilisha. Kelele ikiisha, ubovu uko upande wa gitaa au waya. Hapo umeigawa kazi sehemu mbili, na hujafungua hata skrubu moja.

Mara nyingi sana mwenye kosa ni waya. Waya wa gitaa si kama waya wa taa. Katikati una uzi mmoja unaobeba sauti, na uzi huo umezungukwa na wavu wa nyuzi nyembamba za shaba. Kazi ya wavu ni kuzuia kelele za nje zisiingie. Waya ukikanyagwa na kukunjwa kila siku, wavu hukatika, hasa pale karibu na jeki, yaani ile ncha ya chuma unayochomeka. Ushike hapo, uuchezeshe taratibu. Kama sauti inakatika na kurudi, umempata mwizi. Kata sehemu mbovu, ulehemu upya, au nunua mwingine. Na ukikunja waya wako, ukunje kwa duara kubwa. Usiuzungushe kiwikoni kama kamba ya ng'ombe.

Kama kelele inakuja pale tu unapozungusha kitufe cha sauti, krr krr krr, hilo ni vumbi. Vumbi letu la kiangazi huingia popote. Zima, kisha zungusha kitufe mbele na nyuma mara ishirini au thelathini. Mafundi wa redio wana dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi, na puliza moja inatosha. Usitie mafuta ya kupikia. Nimeona yakitiwa.

Kama spika iko kimya, itenge kwanza na amplifaya, kisha chukua betri moja ya tochi, ile ya volti 1.5, na waya mbili ndogo. Gusisha kidogo kwenye ncha mbili za spika na uachie. Spika nzima itatoa mlio mdogo, tap, na karatasi yake itasogea. Spika iliyoungua haitatoa kitu. Lakini usiwashe amplifaya wakati spika imetengwa, maana ziko amplifaya, hasa zile za zamani zenye valvu za kioo, ambazo huharibika zikifanyishwa kazi bila spika. Na usiifungue kwa ndani hata kama umeichomoa. Ndani yake mna vifaa vinavyotunza umeme kwa muda baada ya kuzimwa, na umeme huo unaweza kuua. Hapo mwachie fundi.

Turudi kwenye kukoroma, kwa kuwa huko ndiko kwenye hadithi yangu.

Umeme wa Tanzania unageuka kwenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Ukiingia kwenye sauti, unatoa mlio mzito wa kudumu. Mpigaji wa besi ataujua haraka: uzi wake mnene kabisa hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na unaoufuata mara 55. Mkoromo wa umeme uko katikati ya hizo mbili, hivyo haupatani na wimbo wowote mnaopiga. Kinasa chenye msokoto mmoja wa waya hunasa mlio huu kutoka hewani, kutoka kwenye transfoma, kutoka kwenye taa. Jaribu kujigeuza na gitaa lako, uangalie upande mwingine. Mlio utapungua au kuongezeka. Mwaka 1955 mhandisi Seth Lover wa kampuni ya Gibson alitengeneza kinasa chenye misokoto miwili iliyopangwa kinyume, hivyo mkoromo wa mmoja unafuta mkoromo wa mwingine, lakini sauti ya nyuzi inabaki. Gitaa letu lilikuwa na ule wa msokoto mmoja. Tulijifunza kukaa mbali na taa na kuziweka simu pembeni, na mambo yakawa afadhali.

Wenzetu wanaotumia umeme wa jua wana adha yao. Kile chombo kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuendeshea vyombo, inveta, kikiwa cha bei rahisi hutoa umeme wenye pembe pembe, usio laini. Amplifaya hulia zzzzz kama nyuki. Hapo usilaumu gitaa.

Sasa, jioni ya tarehe 7 Septemba tuliunganisha amplifaya ya gitaa na miksa ya kwaya, ili sauti zote zitoke katika spika kubwa. Amplifaya ilichomekwa kwenye soketi ya darasani, na miksa kwenye soketi ya ofisi ya kijiji, kwa waya mrefu uliopita dirishani. Tulipounganisha tu, mkoromo ukawa mkubwa kuliko siku zote. Tulipoutenga ule waya wa kuunganisha, ukaisha. Tulipourudisha, ukarudi.

Leo najua sababu. Vyombo viwili vilikuwa na erthi kila kimoja, katika soketi mbili zilizo mbali. Erthi ni ule waya wa kijani na njano unaopeleka umeme uliopotea njia ardhini. Tulipoviunganisha vyombo kwa waya wa sauti, erthi hizo mbili zikafanya duara, na umeme mdogo ukawa unazunguka humo na kulia katika spika. Dawa yake ni rahisi hata aibu: chomeka vyombo vyote mahali pamoja, katika soketi moja ya ukutani, kwa waya wa nyongeza wenye matundu mengi ambao nao una erthi. Basi.

Siku ile sikujua. Kijana mmoja anayechaji simu za watu alisema kuwa mjini wao hukata ule waya wa erthi katika plagi na kelele huisha. Nikachukua plaizi. Nikafungua plagi ya amplifaya, nikaukata waya wa kijani na njano, nikafunga. Kelele ikaisha kabisa. Watu walinipigia makofi, nami nilifurahi sana.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimewapa wanakisomo zoezi la kusoma maandishi yoyote watakayoyaona darasani: ubaoni, kwenye mfuko wa mbolea, popote. Mzee alikwenda nyuma ya amplifaya. Yule fundi aliyetuuzia alikuwa amebandika hapo kikaratasi, ameandika kwa kalamu. Mzee akasoma kwa sauti, kidole kikifuata herufi:

"Wa-ya wa ki-ja-ni na nja-no u-si-ka-te."

"Hapana, Mzee," nilisema. "Tazama vizuri. Kuna herufi moja zaidi. U-si-ka-twe."

"U-si-ka-twe," akasema.

"Vizuri sana. Mpigieni makofi."

Wakampigia makofi. Nami nikaenda kwa mwanakisomo mwingine.

Msomaji, nimeitafakari asubuhi hiyo mara nyingi. Nilisikia kila silabi ya kikaratasi kile. Nilisahihisha kitenzi. Maneno yenyewe hayakuniingia, na jioni mkono ule ule ulishika plaizi.

Kesho yake sherehe ilianza vizuri. Amplifaya haikuwa na erthi yake, lakini ule waya wa kuunganisha na miksa, kwa kupitia wavu wake wa shaba, uliipatia erthi ya ofisini bila sisi kujua. Kufika saa nane mchana, wanakwaya walihitaji waya wa maikrofoni ya pili. Mtu akachomoa ule wa kuunganisha, akautumia. Gitaa lilisikika vya kutosha kwa spika yake lenyewe, kwa hiyo hakuna aliyejali. Tangu hapo amplifaya ile haikuwa na njia yoyote ya kupeleka umeme ardhini. Na ndani yake, kama fundi alivyotuonyesha baadaye kwa kipimo, transfoma ilikuwa imechoka na umeme ulikuwa ukivuja kidogo kidogo kwenda kwenye chuma. Chuma hicho kimeungana na nyuzi za gitaa.

Mzee alisimama kuimba wimbo wake wa kwanza alioandika kwa mkono wake. Karatasi alikuwa nayo mfukoni. Alishika gitaa, akapiga nyuzi mara mbili, kisha akasogeza mdomo kwenye maikrofoni. Maikrofoni ile ya chuma ilikuwa na erthi nzuri ya ofisini. Midomo yake ilipoigusa, umeme ulipita kutoka mkononi hadi mdomoni. Alitoa sauti moja, si neno. Vidole vilikaza juu ya shingo ya gitaa, havikuachia. Baadhi ya watu walicheka, wakidhani ni madoido ya wapiga gitaa.

Aliyemwokoa ni yule kijana wa kuchaji simu. Hakumgusa Mzee. Alikimbilia ukutani akachomoa plagi. Mzee akaanguka chali, gitaa juu ya kifua.

Nataka ukumbuke alivyofanya kijana yule. Mtu akishikwa na umeme, zima kwanza au chomoa. Ukimshika, mtakuwa wawili. Kama huwezi kuifikia swichi, simama mahali pakavu, umsukume na ubao au mti mkavu, kamwe si chuma na si kitu chenye maji. Akiwa amezimia na hapumui, anza kumsaidia kupumua na kumkandamiza kifua, huku mwingine akikimbilia zahanati.

Mzee alikuwa anapumua. Tulimbeba kwa pikipiki, mtu akimshikilia kwa nyuma. Muuguzi wa zahanati alimsikiliza moyo, akamlaza mpaka asubuhi. Midomo ilikuwa imeungua kidogo na mkono wa kushoto ulikuwa na ganzi. Nilikaa naye usiku ule. Alipoamka alisema, "Mwalimu, kile kikaratasi kilisema usikatwe."

"Ndiyo, Mzee."

"Basi nani alikata?"

Nilimwambia ni mimi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaomba uji.

Wapo waliokufa kwa jambo hili hili, tena wapigaji wenye majina. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa kutoka Uskoti, alikufa jukwaani mjini Swansea alipogusa maikrofoni isiyokuwa na erthi. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa nyumbani kwake Uingereza akipiga gitaa lililounganishwa bila erthi ya kufaa. Ilivyokuwa huko kwao ndivyo ilivyokuwa kwetu: upande mmoja una erthi, upande wa pili hauna, na mtu yuko katikati.

Kwa hiyo ukishika nyuzi ukahisi vidole vinawashwa kama vimepitiwa na siafu, zima hapo hapo, wala usisubiri wimbo uishe. Lakini usichanganye mambo mawili. Kama mkoromo unapungua unapogusa nyuzi, na wala huwashwi, hilo ni la kawaida kwa magitaa mengi. Kuwashwa ndiko hatari. Na erthi yenyewe ikaguliwe na fundi wa umeme. Miezi ya Agosti na Septemba udongo wetu hukauka kabisa, na fimbo ya erthi iliyochomekwa katika udongo mkavu haifanyi kazi yake vizuri. Fundi wetu aliichomeka upya, ndefu zaidi, karibu na bomba la maji ambapo udongo haukauki.

Mzee hakuja darasani kwa wiki sita. Sikumtuma mtu kumwita. Nilikwenda mwenyewe, mara tatu, nikampa shikamoo yake, tukazungumza habari za mvua. Mara ya nne alikuwa amekwisha kuvaa viatu, ananingoja.

Amplifaya ilikuwa imerudi kutoka kwa fundi, ina transfoma nyingine na plagi mpya yenye nyaya zote tatu. Kile kikaratasi kilikuwa kimechanika. Mzee akaniomba karatasi na kalamu ya wino mzito. Aliandika kwa herufi kubwa, ulimi ukitokeza kidogo, dakika kumi nzima, kisha akakibandika mbele ya amplifaya badala ya nyuma, juu ya vitufe, mahali ambapo mtu hawezi kuwasha bila kukiona. Aliandika: WAYA WA KIJANI NA NJANNO USIKATWE.

Njano imepata n moja ya ziada. Bado iko pale.